Mto na Mfereji: Madaraka ya Serikali Kuu na Serikali za Mitaa Chini ya Mlima Meru

Katika nchi za shirikisho, yaani nchi zinazoundwa na majimbo yenye katiba, mabunge na hazina zao, mpaka kati ya madaraka ya serikali kuu na ya serikali za chini huandikwa katika katiba, na unapobishaniwa huamuliwa mahakamani. Tanzania Bara haina majimbo ya namna hiyo, kwa hiyo mpaka huo huchorwa kwa sheria za kawaida za Bunge, kwa bajeti ya kila mwaka, kwa uteuzi wa viongozi na mara nyingi kwa waraka wa wizara. Mpaka unaochorwa kwa njia hizo husogezwa kwa urahisi, na katika Jiji la Arusha na miteremko ya Mlima Meru umesogezwa mara nyingi tangu Wajerumani walipojenga boma lao mwaka 1900. Anayefuatilia jinsi ulivyosogezwa ataelewa kwa nini mkazi wa Kimandolu au wa Poli, anayemchagua diwani wake kila baada ya miaka mitano, hulazimika kupeleka malalamiko yake kuhusu barabara, maji na kodi ya nyumba katika ofisi ambazo diwani huyo hana amri juu yake.

Maneno mawili ya Kiswahili yanatosha kuubeba mjadala huu iwapo yatatumiwa kwa uangalifu. Kukasimu madaraka ni kumpa mwingine kazi aifanye kwa niaba ya mwenye mamlaka, ambaye hubaki na haki ya kuirudisha mikononi mwake wakati wowote anapoona inafaa. Kugatua madaraka ni kuyahamisha yenyewe, pamoja na fedha na watumishi wake, hadi kwa chombo kinachowajibika kwa wananchi waliokichagua, kiasi kwamba aliyeyatoa hawezi kuyachukua tena bila idhini ya wahusika. Nyaraka za sera nchini Tanzania zimezungumzia ugatuaji kwa zaidi ya robo karne. Mwenendo wa sheria na fedha, hata hivyo, umekuwa wa kukasimu, na kile kilichokasimiwa kimechukuliwa tena mara kwa mara.

Chanzo cha hali hiyo kimo katika Katiba yenyewe. Ibara ya 145 inaagiza kuwapo kwa vyombo vya serikali za mitaa katika kila mkoa, wilaya, mji na kijiji, lakini inaacha aina na majina ya vyombo hivyo yawekwe na sheria itakayotungwa, na ibara ya 146 inataja kupeleka madaraka kwa wananchi kuwa ndilo dhumuni la vyombo hivyo bila kutaja kazi wala chanzo chochote cha mapato ambacho hakiwezi kuondolewa. Suala la Muungano, yaani uhusiano wa Serikali ya Jamhuri ya Muungano na ile ya Mapinduzi ya Zanzibar, limejadiliwa kwa kina na tume kadhaa, ikiwamo ile ya Jaji Joseph Warioba iliyopendekeza muundo wa serikali tatu. Suala la halmashauri za Bara, ambalo linagusa maisha ya kila siku ya watu wengi zaidi, halijawahi kupewa uzito wa namna hiyo.

Historia ya mlima huu inaonyesha kwamba tatizo lilianza kabla ya uhuru. Utawala wa Kiingereza, chini ya Gavana Donald Cameron, ulipitisha mwaka 1926 sheria ya mamlaka za wenyeji, ambayo iliweka mfumo wa kutawala kupitia machifu: mangi wa Wameru na viongozi wa Waarusha walikusanya kodi, wakaendesha mabaraza ya kesi ndogo na wakapewa hazina ya wenyeji iliyobaki na sehemu ya kodi hiyo. Kwa sura ya nje wenyeji walikuwa wamekabidhiwa utawala wao, ilhali kwa hakika mangi aliwajibika kwa mkuu wa wilaya wa Kiingereza, na chochote alichoamua kingeweza kutenguliwa naye. Udhaifu huo ulidhihirika wazi wakati wa mgogoro wa ardhi ya Ngare Nanyuki.

Baada ya ripoti ya mwaka 1947 ya tume iliyoongozwa na Jaji Mark Wilson, serikali iliazimia kuwahamisha Wameru kutoka eneo hilo ili lifanywe ukanda wa walowezi wa Kizungu, na mnamo Novemba 1951 takriban watu 3,000 waliondolewa kwa nguvu. Mamlaka ya wenyeji, ambayo ilipaswa kuwa sauti ya Wameru, haikuwa na uwezo wa kisheria wa kuzuia amri hiyo, na kwa sababu hiyo wananchi walijipanga nje ya mamlaka hiyo, wakachangishana fedha, wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet pamoja na wakili Earle Seaton hadi Umoja wa Mataifa, ambako shauri lao lilisikilizwa mwaka 1952. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini Wameru walipata funzo kwamba chombo cha mtaa kinachotegemea hisani ya aliye juu yake hakiwezi kuwalinda watu wake siku anapogeuka.

Uhuru ulirithi mfumo huo na kuubadilisha kwa kasi. Mwaka 1963 nyadhifa za machifu zilifutwa, na halmashauri za wilaya zenye madiwani waliochaguliwa zikachukua nafasi zao, zikisimamia shule za msingi, zahanati na barabara za vijijini kwa fedha zilizokuwa chache mno. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, na katika muktadha huo serikali kuu ilijiona kuwa ndiyo injini ya maendeleo. Mwaka 1972, kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey, ulianzishwa mpango wa Madaraka Mikoani, ambao jina lake liliahidi kupeleka uamuzi karibu na wananchi, ilhali utekelezaji wake ulizivunja halmashauri za wilaya, na muda mfupi baadaye zile za miji, na kuweka mahali pake maofisa wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Ofisa alisogea karibu na mwananchi huku mwakilishi aliyechaguliwa akiondolewa, na vyama vikuu vya ushirika, ambavyo kwa wakulima wa kahawa wa Meru vilikuwa chombo kingine cha kujiamulia, navyo vilivunjwa mwaka 1976.

Matokeo yalionekana haraka, hasa mijini, ambako usafi na huduma za maji vilizorota hadi serikali ikalazimika kurudisha halmashauri za miji mwaka 1978. Sheria namba 7, 8 na 9 za mwaka 1982 zilirejesha mfumo mzima, nazo halmashauri zikaanza kazi upya mwaka 1984. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alikiri mwaka huo kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni miongoni mwa makosa ambayo asingeyarudia. Ungamo hilo lina thamani kubwa kwa sababu lilitoka kwa kiongozi aliyeamini kwa dhati kwamba serikali kuu yenye nia njema inaweza kufanya kwa niaba ya wananchi kile ambacho wao wenyewe wangekifanya polepole, na uzoefu wa miaka kumi ukamthibitishia kwamba nia njema haitoshi.

Sera ya maboresho ya serikali za mitaa ya mwaka 1998 ilikuwa jaribio la kujifunza kutokana na kosa hilo. Ilikusudia kuhamisha mambo manne kwa pamoja: uamuzi wa kisiasa upelekwe kwa mabaraza ya madiwani, fedha ziwafuate, watumishi waajiriwe na halmashauri, na wizara zibaki na kazi ya kutunga sera, kuweka viwango na kukagua. Kwa miaka michache sera hiyo ilitekelezwa kwa juhudi, na ruzuku za maendeleo zilizotolewa kuanzia mwaka 2005 kwa halmashauri zilizofikia vigezo vya utawala bora zilijenga madarasa na zahanati zilizochaguliwa na wananchi wenyewe kupitia mipango shirikishi. Nguzo zake, hata hivyo, ziliondolewa moja baada ya nyingine.

Nguzo ya kwanza kuondolewa ilikuwa ya mapato. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa, na wananchi waliokuwa wakifukuzwa na mgambo kwa sababu yake waliushangilia uamuzi huo kwa haki, lakini halmashauri zilifidiwa kwa ruzuku, yaani kwa fedha ambazo mtoaji wake ndiye huamua kiasi na wakati wa kuzitoa. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, mwaka 2017 ada ya mabango ya matangazo ikafuata mkondo huo, na katika mwaka huohuo ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Kwa mkulima wa Meru anayepeleka ndizi na mboga katika soko la Tengeru, punguzo hilo lilikuwa nafuu ya kweli. Kwa halmashauri yake yenye makao Usa River, lilikuwa pengo katika bajeti ambalo halikujadiliwa na baraza lake.

Kodi ya majengo inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu katika miji mingi duniani ndiyo kodi ya jiji kuliko zote: nyumba haihami, thamani yake hupanda barabara na taa zinapowekwa, na mwenye nyumba huona kwa macho kile anacholipia. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa mtu anaponunua umeme; mwaka huo ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ukusanyaji umekuwa rahisi na upotevu umepungua, lakini uzi uliomuunganisha mlipakodi na baraza la jiji lake umekatika, kwa kuwa mpangaji wa Sombetini anayelipa kodi hiyo kupitia mita hana pa kuuliza imefanya nini katika mtaa wake. Arusha, yenye wakazi zaidi ya 617,000 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, ambayo hoteli, kampuni za utalii na masoko yake yangeweza kuipa uwezo mkubwa wa kujitegemea, inakadiria mapato na matumizi yake ndani ya ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha matumizi kinachotolewa na Hazina kabla madiwani hawajaketi.

Hata matumizi ya mapato ya ndani huelekezwa kutoka juu. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka halmashauri zote kutenga asilimia 10 ya mapato hayo kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2. Lengo ni jema na vikundi vingi vimenufaika, lakini mikopo hiyo iliposimamishwa nchi nzima mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, halmashauri zilizokuwa zikiisimamia vizuri zilisimama sawasawa na zile zilizokuwa zikiifuja, kwa sababu hakuna iliyokuwa na haki ya kuendelea kwa uamuzi wake.

Nguzo ya pili ilikuwa ya kazi zenyewe. Mwaka 2017 ilianzishwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ambao ulichukua kutoka halmashauri barabara na wahandisi wake. Mwaka 2019, kwa Sheria namba 5 ya mwaka huo, wakala mwingine, RUWASA, ulichukua maji ya vijijini, wakati maji ya jiji yalikuwa tayari mikononi mwa mamlaka ya maji inayosimamiwa na Wizara ya Maji. Diwani wa kata ya mlimani, ambako mvua za masika hukata barabara kila mwaka na kuacha ndizi na maziwa vikiharibika shambani, huulizwa na wapiga kura wake kuhusu barabara hiyo, naye hana bajeti wala mhandisi anayewajibika kwake. Anachoweza ni kuandika barua na kusubiri.

Nguzo ya tatu ni ya watumishi. Mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye mtendaji mkuu na mwenye dhamana ya fedha zake, huteuliwa na Rais, na wakuu wa mikoa na wilaya, ambao pia ni wateule wa Rais, wana mamlaka mapana kwa mujibu wa Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, ikiwamo ile inayojulikana sana ya kuamuru mtu awekwe mahabusu kwa saa 48. Baraza la madiwani linaweza kumkataa mkurugenzi kwa azimio, lakini haliwezi kumwondoa. Kasoro za mpangilio huu hazionekani pale chama kimoja kinapoongoza ngazi zote. Kasoro hizo hujitokeza wananchi wanapochagua tofauti, kama walivyofanya Arusha mwaka 2015 walipokipa chama cha upinzani cha CHADEMA uongozi wa baraza la jiji. Miaka michache kabla ya hapo, mgogoro wa uchaguzi wa meya wa Desemba 2010 ulizaa maandamano ya tarehe 5 Januari 2011 yaliyoishia kwa vifo vya watu. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba damu hiyo ilimwagika kwa ajili ya kiti ambacho, kwa sheria zilizopo, kina heshima kubwa kuliko uwezo.

Katika ngazi ya chini kabisa kuna badiliko ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni la kijiji kugeuka mtaa. Kijiji ni chombo kamili cha kisheria: kina halmashauri yake, kinaweza kumiliki mali na kushtaki, na mkutano mkuu wa kijiji, unaohudhuriwa na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, ndio wenye kauli juu ya ugawaji wa ardhi ya kijiji chini ya Sheria namba 5 ya mwaka 1999. Mtaa hauna bajeti, hauna ardhi, na mwenyekiti wake kwa kiasi kikubwa ni msuluhishi na mwandika barua za utambulisho. Kata ya Moshono, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Arumeru na sasa imo ndani ya jiji, imepitia mabadiliko hayo, na maeneo ya Kiranyi, Moivo na Sokon II, ambayo nyumba zake zimeungana na za jiji ingawa yangali katika Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, yanaelekea huko. Ukuaji wa mji, ambao ungepaswa kuwaongezea wananchi huduma bila kuwapunguzia sauti, unawaondolea chombo pekee ambamo raia wa kawaida hunyoosha mkono na kuamua. Kwingineko mkoani, Agosti 2024, ilihitajika amri ya Mahakama Kuu jijini Arusha kusitisha tangazo la serikali lililofuta kata na vijiji vya Tarafa ya Ngorongoro, jambo linaloonyesha jinsi uhai wenyewe wa serikali ya kijiji unavyotegemea kalamu moja.

Haki inataka hoja za upande wa pili zisikilizwe, nazo ni nzito. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeonyesha mwaka baada ya mwaka ubadhirifu katika halmashauri nyingi; mapato yakibaki yalikokusanywa, Jiji la Arusha litatajirika na wilaya ya Longido itabaki nyuma; na zipo kazi zinazozidi uwezo wa halmashauri yoyote. Maji ya volkano ya Meru yana madini ya floraidi kwa kiwango kinachotia meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa ya watoto, na hakuna kijiji ambacho kingeweza peke yake kugharimia mradi wa maji wa Jiji la Arusha wa shilingi bilioni 520, ambao visima vyake vingine vimechimbwa wilayani Hai, katika mkoa wa jirani. TARURA nayo ilipata nyongeza ya shilingi 100 katika kila lita ya mafuta kuanzia mwaka 2021, fedha ambazo halmashauri zilipokuwa na barabara hazikupewa.

Hoja hizo zinathibitisha kwamba serikali kuu ina kazi yake. Hazithibitishi kwamba kila kazi ni yake. Dawa ya ubadhirifu ni ukaguzi na adhabu, na fedha zikihamishiwa mahali pengine bila dawa hiyo, ubadhirifu utazifuata. Dawa ya tofauti za utajiri ni ruzuku ya usawazishaji inayokokotolewa kwa kanuni iliyo wazi, ambayo haihitaji kuzinyang'anya halmashauri vyanzo vyake. Kenya, ambayo mpaka wake wa Namanga uko safari fupi kutoka Arusha, iliweka katika Katiba yake ya mwaka 2010 kazi za kaunti 47 pamoja na kiwango cha chini cha asilimia 15 cha mapato ya taifa yaliyokaguliwa, na ikaunda Seneti ya kulinda mgao huo. Wizi umehamia pia katika baadhi ya kaunti na Hazina ya Nairobi imechelewesha fedha mara nyingi, lakini gavana wa kaunti ya Kajiado anajua ni nini ambacho hakiwezi kuchukuliwa kwa waraka. Uganda imekwenda njia nyingine: baada ya kuanza na ugatuaji mpana miaka ya 1990, ilisitisha kodi kuu ya serikali za mitaa mwaka 2005 na kuiweka Kampala chini ya mamlaka ya serikali kuu kwa sheria ya mwaka 2010.

Arusha yenyewe ina kipimo kinachofaa. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini jijini humo tarehe 30 Novemba 1999, unataja miongoni mwa misingi yake kwamba kazi ifanywe katika ngazi iliyo karibu zaidi na wananchi inayoweza kuifanya, na ngazi ya juu iingie pale tu ya chini inapozidiwa. Msingi huo unaeleweka bila shida kwa wakulima wa mlimani, kwa sababu mifereji yao imeendeshwa hivyo kwa vizazi vingi: watumiaji huchimba na kusafisha pamoja, hugawana zamu za maji, na asiyefika kazini hutozwa faini na wenzake. Mito ya Nduruma, Tengeru na Usa, kwa upande mwingine, huingia mto Kikuletwa na kufika hadi bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Pangani, kwa hiyo ni halali Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ipime mto na kuweka kiwango cha kuchukuliwa. Mto unavuka wilaya na unahitaji msimamizi aliye juu ya wilaya zote. Mfereji uko kijijini, na hakuna ofisa wa mbali anayeweza kupanga zamu zake vizuri kuliko wanaoamka alfajiri kuufungulia.

Mageuzi yanayohitajika yanatokana na ulinganisho huo. Katiba itaje kazi na vyanzo vya mapato vya serikali za mitaa ambavyo haviondolewi bila marekebisho yake; kodi ya majengo, hata ikiendelea kukatwa kwa mita, irudi yote kwenye halmashauri ya jengo husika; mkurugenzi aajiriwe kwa ushindani na baraza liwe na uwezo wa kumwondoa; TARURA na RUWASA zitekeleze vipaumbele vilivyopitishwa na madiwani wa eneo; na mtaa upewe hadhi ya kisheria inayokaribia ile ya kijiji. Wameru wa mwaka 1951 walilazimika kwenda hadi Umoja wa Mataifa kwa sababu hapakuwa na chombo cha karibu chenye uwezo wa kukataa kwa niaba yao. Wajukuu wao wana baraza, diwani na kura, na kilichobaki ni kuvipa vitu hivyo neno la mwisho katika mambo yaliyo yao.